Tundu la Jipsamu Huzibwa Kutoka Nyuma

Ukuta wa jipsamu una tabia zake, na anayeuhudumia kama ukuta wa tofali atalipia kazi moja mara mbili. Mimi nimelipia mara mbili, katika nyumba yangu ndogo ya Isyesye, hapa Mbeya, na ndiyo maana naeleza kwa kirefu. Kuta za nje ni za tofali za kuchoma, zimepigwa lipu ndani na nje. Ila sebule tuliijenga kubwa mno, na baadaye tukaigawa kwa fremu ya mbao na bodi za jipsamu ili kipatikane chumba cha tatu. Dari ya nyumba nzima nayo ni jipsamu. Nyumba hiyo naipangisha, na kodi yake ndiyo inayomlipia binti yangu ada ya chuo, kwa hiyo kila mwezi inapokaa tupu mimi silali vizuri.

Wapangaji walihama mwishoni mwa Februari, mvua zikiwa bado zimekolea. Walikuwa watu wema, walilipa kwa wakati, na sina kinyongo nao. Lakini familia yenye watoto ikikaa miaka, nyumba haiwezi kubaki ilivyokuwa. Kulikuwa na matundu madogo ya misumari ya kalenda na picha. Nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, kitasa kilikuwa kimegonga bodi mpaka kikatoboa tundu la ukubwa wa ngumi. Sebuleni, stendi ya televisheni ilikuwa imeng'oka pamoja na kipande cha ukuta, ikaacha uwazi wa kupitisha kichwa. Na koridoni, dari ilikuwa na doa la kahawia lililoshuka katikati. Ukiligusa kwa kidole linabonyea.

Fundi wa kwanza niliyemwita ni mwashi mzuri tu. Nimeziona kuta zake mtaani na zimenyooka. Jipsamu hakuijua, na hakusema. Alichana mfuko wa saruji, akausokota, akausindika ndani ya tundu la televisheni, akakandika mota ya saruji na mchanga juu yake na kulainisha kwa mwiko. Tundu la kitasa akalifanya hivyo hivyo. Darini akapaka rangi nyeupe juu ya doa, basi. Nikamlipa shilingi 120,000, akaondoka jioni ile ile.

Haukupita muda, ule mviringo wa saruji ukaanza kujitenga na bodi. Ufa ukauzunguka pande zote, na karatasi ya bodi iliyo kandokando ikavimba na kubanduka. Doa la darini nalo likarudi juu ya rangi mpya, safari hii likiwa na ukingo mweusi zaidi. Mama mmoja aliyekuja kuiangalia nyumba kwa ajili ya kupanga alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, akaniambia atanipigia simu. Hakupiga. Fundi naye hakupokea tena simu zangu. Niliumia sana, si kwa ajili ya ile pesa peke yake. Niliiona nyumba tuliyoijenga kwa kujinyima inaonekana ya watu wasiojali.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, seremala mstaafu kutoka Tukuyu. Nilimkaribisha aje kuangalia, nikamwamkia, akaitikia, akaweka fimbo yake kando na kuanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, pole pole, kutoka kushoto kwenda kulia, akisikiliza. Kisha akauliza, "Mwanangu, huku mbele ni sura tu. Nyuma ya hili tundu kuna nini cha kushikia?"

Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mfuko wa saruji uliosokotwa, umening'inia hewani.

Kazi yote niliyoifanya baada ya hapo ilitoka kwenye swali hilo. Ukuta wa tofali ni kitu kizima. Ukiuchimba, nyuma ya tundu kuna tofali. Ukuta wa jipsamu ni ngozi mbili zilizopigiliwa kwenye mbao, na katikati ni uwazi. Bodi yenyewe ni jasi, madini kama yale yanayochimbwa Makanya kule Same, iliyogandishwa kati ya karatasi mbili, na nguvu yake ya kutovunjika kwa wepesi inatokana zaidi na hizo karatasi. Karatasi ikiloa au kuchanika, kilichobaki ni unga mgumu. Mota ya saruji ni nzito, ina maji mengi, na ikikauka husinyaa. Ukiiweka pale, karatasi inakunywa maji, inalegea na kuachana na jasi yake, halafu uzito wa saruji unamalizia. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa yeyote mwenye tundu la namna hii: ukimwona fundi anakuja na mchanga na saruji, mshukuru kwa kufika, mlipe nauli yake, na umwachie aende.

Tulianza na dari, maana tundu la dari lina sababu iliyo juu zaidi ya dari. Mpwa wangu alipanda darini na tochi, mimi nikabaki chini na simu. Tulidhani tobo la bati litakuwa juu ya doa. Halikuwa hapo. Maji yalikuwa yanaingia mbali kidogo, karibu na kona ya paa, yanateleza juu ya mbao, na yanadondoka pale mbao ilipoungwa. Tulilipata kwa njia rahisi: siku isiyo na mvua, kijana mwingine alimwaga maji kwa jagi juu ya bati, sehemu moja moja kuanzia chini kwenda juu, na mpwa wangu akakaa ndani akiangalia yanapotokea. Ukianza kumwaga juu hutajua yameingia wapi, kwa sababu yatapita kila mahali. Ilikuwa ni msumari mmoja wa bati ambao mpira wake umekauka na kupasuka. Msumari mpya wenye mpira mzima na silikoni kidogo vikamaliza kazi ambayo rangi ya yule fundi isingeimaliza hata angepaka ndoo nzima.

Kabla ya kukata dari au ukuta, zima umeme kwenye meni swichi. Siyo swichi ya taa, meni swichi. Kwenye nyumba zetu nyingi nyaya zimelala tu juu ya dari au ndani ya ukuta wa jipsamu, nyingine bila bomba, na msumeno hauna macho. Tulikata kwa msumeno mdogo wenye ncha, kwa kina kidogo, mpaka tukafika katikati ya mbao mbili zilizo kila upande wa doa. Watu hufikiri ukikata kidogo umeokoa pesa. Kwenye tundu lililotokana na maji ni kinyume chake. Bodi iliyolowa na kulegea lazima itoke yote mpaka ufikie iliyo ngumu, na kata iishie katikati ya mbao ili bodi mpya na ya zamani zote zipate pa kupigiliwa.

Tulipofungua, mzee alinionyesha kitu kingine. Skrubu nyingi za dari zilikuwa zimechomoza kidogo, zimesukuma rangi na kufanya vipele. Mbao zetu nyingi huku zinatoka Mufindi, kwenye mashamba ya paini ya Sao Hill na ya watu binafsi, na mara nyingi zinapigiliwa zikiwa bado mbichi. Mbao ikikauka inasinyaa, skrubu inabaki pale pale, na bodi inapata nafasi ya kucheza. Ukikandika juu ya kipele kama hicho kitarudi. Dawa ni kupiga skrubu mpya karibu yake, ukiwa umeibana bodi kwa mkono ikalala kwenye mbao, ndipo uitoe au uizamishe ile ya zamani. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu, karatasi ibonyee bila kuchanika. Kikiitoboa karatasi, skrubu hiyo haishiki tena chochote. Piga nyingine pembeni.

Kisha tukasubiri. Machi ya Mbeya haina haraka na mtu. Asubuhi kuna ukungu, mchana mawingu, jioni mvua, na mbao zilizolowa zilikaa na unyevu kwa muda kuliko nilivyotegemea. Kuna jirani aliyenishauri niwashe jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili pakauke. Naomba hili lisikike: usifanye hivyo. Huku nyanda za juu tumezika watu kwa majiko ya mkaa yaliyoingizwa ndani wakati wa baridi. Moshi unaoua ni ule usioonekana na usionuka. Zaidi ya hapo, mkaa ukiwaka huongeza joto la ghafla, na plasta inayokaushwa kwa ghafla hupasuka. Tulifungua madirisha saa za mchana, tukafunga jioni, tukaacha mlango wa darini wazi, na hewa ikafanya kazi yake.

Wakati dari ikikauka tulihamia kwenye kuta. Matundu ya misumari hayana mambo mengi. Msumari ukitolewa unaacha ukingo ulioinuka. Ubonyeze ndani kwa mpini wa bisibisi mpaka pawe na kijishimo, kata nyuzi za karatasi zilizosimama, jaza, ngoja pakauke, jaza tena. Usipoubonyeza ule ukingo utasugua msasa mpaka uchoke na nundu itabaki.

Tundu la kitasa lilinipendeza kulifanya, kwa sababu nilijifunza kiraka chenye masikio ya karatasi. Kwanza tulifunga kizuizi cha mlango sakafuni, ili kitasa kisirudi kugonga pale pale. Halafu tukalikata tundu likawa mraba safi. Unachukua kipande cha bodi kikubwa kuliko mraba huo, sentimita 4 au 5 zaidi kila upande. Kwa nyuma unachora ukubwa wa mraba, unakata kwa kisu karatasi ya nyuma na jasi bila kuigusa karatasi ya mbele, unavunja pembeni na kubandua jasi taratibu. Unabaki na mraba wa bodi ulio sawa na tundu, umezungukwa na mikia ya karatasi pande zote nne. Paka plasta nyembamba kuzunguka tundu, ingiza kiraka, laza karatasi zake juu ya ukuta na uzipitishie kisu cha plasta. Kwa tundu la ukubwa wa ngumi, kiraka hicho kinajishikilia chenyewe bila mbao nyuma. Kikizidi hapo, rudi kwenye swali la mzee.

Tundu la televisheni lilikuwa limezidi. Video nyingi zinazoonekana kwenye simu ni za Marekani, ambako bodi hizi zilianzia. Augustine Sackett alipata hataza ya bodi yake huko mwaka 1894, na hadi leo nyumba nyingi za kule zina kuta za ndani za namna hiyo. Zimenisaidia, ila kule fremu huwekwa kwa kipimo kinachojulikana, mbao na mbao mara nyingi inchi 16. Huku kwetu kila fundi aliweka alivyoona, kwenye ukuta wangu nafasi moja ilikuwa pana karibu mara moja na nusu ya nyingine. Usikisie. Gonga kama mzee alivyogonga: penye uwazi panalia, penye mbao panajibu kwa sauti nzito. Kisha hakikisha kwa msumari mwembamba kabla ya kukata.

Tulikata kutoka mbao hadi mbao, na juu na chini ya uwazi tukapachika vipande vya mbao ya inchi mbili kwa mbili, vikavu, tukavifunga kwa skrubu kupitia bodi ya zamani. Mzee akaongeza jambo ambalo peke yangu nisingelifikiria: katikati, pale ambapo mtu yeyote mwenye akili ataweka televisheni, alipachika ubao mpana wa kulala kati ya nguzo mbili. Stendi ile iling'oka kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye bodi tupu. Bodi haibebi uzito wa kuvuta. Mbao ndiyo inayobeba.

Kununua bodi kunataka umakini. Madukani Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, bodi inayotembea zaidi ni ya milimita 9, ya dari. Ukuta wangu ulikuwa wa milimita 12. Muuzaji wa kwanza aliniambia hazina tofauti, lakini nilikuwa na kipande cha ukuta wangu mkononi, nikaviweka pamoja juu ya kaunta na tofauti akaiona mwenyewe. Kiraka chembamba kitazama milimita 3 nzima, na utakijaza kwa plasta nene itakayopasuka. Nenda na kipande chako. Na uulize kama wana bodi iliyovunjika pembe, maana bodi nzima ni ya futi 4 kwa 8 na wewe unahitaji sehemu ndogo tu. Mimi nilipata moja kwa nusu bei, shilingi 12,000.

Sasa plasta. Kuna ile iliyochanganywa tayari kwenye ndoo, na kuna poda ya kukoroga mwenyewe. Ya ndoo hukauka kwa maji yake kuondoka hewani, na husinyaa. Katika hewa ya mvua ya Mbeya, muda ulioandikwa kwenye ndoo usiuamini. Inaweza kuchukua mara mbili. Poda hugeuka kuwa ngumu kwa namna nyingine. Ni jasi iliyochomwa ikatolewa sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiikoroga inayachukua tena na kurudi kuwa jiwe, hata hewa ikiwa na unyevu. Kwa msimu ule tulitumia poda kwa kujaza na kuunganisha, na ile ya ndoo kwa mkono wa mwisho tu, yaani tabaka la juu, kwa kuwa husuguliwa kirahisi.

Poda ina masharti. Maji kwanza, poda baadaye, ukiinyunyiza mpaka ianze kubaki juu. Iache inywe kidogo, ndipo ukoroge, iwe nzito kama mtindi. Koroga kidogo kidogo. Ikianza kushika, itupe. Ukiiongezea maji ili uiokoe itakauka kuwa laini na kukatika. Na ndoo ioshwe kila mara, isibaki hata punje ya plasta ya zamani, kwa sababu mabaki hayo huifanya mpya igande haraka hata kabla hujapanda ngazi. Mpwa wangu alikuwa anailaumu poda kwamba ni mbovu, mpaka mzee alipoitazama ndoo yake. Matone machache ya ndimu kwenye maji huichelewesha, ila yasizidi.

Kwenye maungio yote weka tepu. Mimi nilitumia ya nyavu, inayojibandika, na juu yake poda, kwani tepu ya nyavu inahitaji plasta inayogeuka kuwa ngumu kabisa. Ukiwa na plasta ya ndoo peke yake, tepu ya karatasi ni bora. Bila tepu ufa utarudi, hasa huku kwetu. Mbeya imekaa pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na ardhi hutikisika mara kwa mara hata kama hatukimbii nje. Ongeza mbao za paa zinazovimba masika na kusinyaa ule upepo mkavu wa Septemba. Nyufa nyembamba zilizonyooka darini mara nyingi ni maungio yasiyo na tepu. Kuzijaza plasta tu ni kuzifunika.

Tulipiga mikono mitatu. Wa kwanza ulifunika tepu tu, kama sentimita 10 kwa upana. Wa pili ukapita nje yake, karibu 20. Wa tatu 30 au zaidi, mwembamba, kisu kikikandamizwa kwenye kingo na kuachiwa kidogo katikati. Kiraka kinaonekana ukutani kwa sababu kimeishia ghafla. Kikitanda kwa upana, jicho halikikamati. Kati ya mkono na mkono tulingoja plasta igeuke kuwa nyeupe yote. Palipo na kijivu bado kuna maji. Hapo ndipo subira yangu ilijaribiwa. Mwezi ulikuwa unakatika bila kodi, dalali ananipigia, na mimi nakaa kuangalia plasta ikauke. Nilitamani kupaka rangi juu kwa juu. Mzee alikuwa anakuja jioni, anagusa kwa mgongo wa mkono, anasema, "Bado ina baridi," na anarudi kwake. Plasta yenye maji huwa ya baridi ukiigusa. Ikikauka, joto lake linalingana na la ukuta mwingine. Kipimo hicho hakijawahi kunidanganya.

Kusugua msasa ni kazi chafu. Tulifunga milango kwa nailoni, tukavaa barakoa, na watoto wa jirani waliozoea kuja tukawazuia. Vumbi lile ni laini mno, likiingia kifuani halitoki kirahisi. Tulitumia msasa namba 120, tukamalizia na 180, umefungwa kwenye kipande cha mbao ili usichimbe mashimo. Usisugue karatasi ya bodi, itaota manyoya. Na usiangalie kazi yako kwa taa ya dari. Subiri giza, weka tochi ikilala ubavuni mwa ukuta, na kila nundu itajitokeza na kivuli chake. Zungushia penseli, rekebisha kesho.

Rangi pia ina hatua. Plasta mpya hunywa rangi kuliko ukuta wa zamani, kwa hiyo bila andakoti, ile rangi ya kutangulia, kiraka kitaonekana kama bamba lililofifia hata kikiwa kimenyooka kabisa. Paka andakoti, kisha rangi ukuta mzima kutoka kona hadi kona, siyo kiraka peke yake. Kwenye doa la maji, rangi ya maji haifai kutangulia. Maji yake huliyeyusha doa na kulipandisha juu, na ndicho kilichotokea kwa fundi wa kwanza. Darini tulibakiza ukingo mdogo uliokuwa mgumu lakini wenye alama. Tukaupaka andakoti ya mafuta, ikakauka vizuri, ndipo rangi ya kawaida. Doa halijarudi.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Bodi 12,000, poda mfuko 18,000, tepu 5,000, skrubu 4,000, msasa 3,000, mbao 6,000, visu vya plasta 10,000, andakoti ya mafuta 16,000, rangi 35,000, na mpwa wangu nilimpa 40,000. Hizo ni 149,000. Ukijumlisha na zile 120,000 za mwanzo, ni 269,000. Mzee alikataa pesa. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, mkewe akanirudishia ndizi mkungu mzima na kuniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikabaki sina la kusema.

Wapangaji waliohama walikuwa na amana kwangu. Ndugu walinishauri niizuie yote. Sikuona haki. Matundu ya kalenda ni matumizi ya kawaida ya nyumba, kitasa ni kazi yangu mwenye nyumba kuweka kizuizi, na paa linalovuja haliwezi kuwa kosa la mpangaji. Tundu la televisheni tulizungumza, nikawaonyesha risiti, na wakakubali nikate gharama ya vifaa vya ukuta ule tu. Tuliagana vizuri. Mwenye nyumba anayemkata mpangaji kwa uvujaji wa paa atajikuta na mpangaji anayeficha doa mpaka dari ianguke, na huo ndio mtazamo wangu hata kama wengine hawaupendi.

Habari zikamfikia shangazi yangu Iringa, akaniomba niende nikamzibie dari yake, nyumba ya zamani. Nilipofika nikaona siyo jipsamu. Ni bodi za kijivu, ngumu, nyembamba, zinazofanana na zile za asbesto. Sikuigusa. Asbesto ikiachwa ilivyo, nzima, haisumbui sana, lakini ikikatwa, ikitobolewa au kusuguliwa inatoa nyuzi ndogo ambazo huleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. "Shangazi," nilimwambia, "hii usimruhusu mtu yeyote aje na msumeno." Akasikitika, kwa kuwa alikuwa ameshanunua poda. Kama hujui dari yako ni ya nini, na nyumba ni ya zamani, uliza kwa anayejua kabla hujashika chombo.

Kabla hatujafunga ukuta wa sebule nilipiga picha ya fremu ikiwa wazi, futi ikiwa imewekwa juu yake ili vipimo vionekane: ubao wa televisheni uko urefu gani kutoka sakafuni, nguzo ziko wapi, waya umepita wapi. Mpangaji mpya aliingia Mei, kijana na mkewe, na siku ya kukabidhi funguo nilimtumia picha hiyo kwenye simu. Televisheni yake ameifunga kwenye ubao. Poda iliyobaki nimeifunga ndani ya nailoni mbili, nikaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya rafu na siyo sakafuni, kwa sababu inavuta unyevu wa hewa na kugandia mfukoni. Kabla ya kuitumia tena nitakoroga kijiko kimoja kwanza: ikichelewa kushika au ikitoa vibonge, inatupwa, na mfuko mpya nitaununua Agosti, mvua zikiwa hazipo.